MALI BILA DAFTARI

Maneno juu ya kujengwa upya kwa mitaa yetu na usimamizi wa kazi hiyo, yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ya Chama ilituagiza tueleze jambo linalozungumzwa kila jioni vibarazani, katika soko la Burma na ndani ya matatu, yaani kubomolewa kwa nyumba za zamani za mitaa hii ya Mashariki ya Nairobi na kujengwa magorofa mahali pake. Wengine wenu walipenda jambo hili, na wengine waliogopa. Hatukuja kuwaambia mpende wala muogope. Nyumba zetu zimechakaa, mabati yanavuja, na mabomba ya maji taka yaliyowekwa kwa watu wachache leo yanabeba watu wengi. Mtu mwenye akili hawezi kusema kwamba hali hii iendelee milele.

Neno letu la leo ni moja. Kazi ya kuusimamia mradi wa namna hii ni ya Bunge la Kaunti, lakini Bunge haliwezi kusimamia lisilolijua, na linalojulikana barazani ni lile lililoandikwa. Mtaa usio na daftari lake wenyewe utahesabiwa na watu wengine, nao utapewa kile tu ambacho hao wengine wamekihesabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo yaliyotangulia

Yafaa tukumbuke kwanza jinsi mitaa hii ilivyopatikana, maana vijana wetu hudhani ya kuwa kuhamishwa ni jambo lililoanza juzi.

Zamani palikuwa na kijiji cha Waafrika kilichoitwa Pangani, ambamo watu walikuwa na nyumba zao wenyewe na wapangaji wao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji hicho kilibomolewa, na watu wakapelekwa Shauri Moyo katika nyumba zilizojengwa na Baraza la Mji. Aliyekuwa mwenye nyumba asubuhi akawa mpangaji jioni. Wakati huo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani ya Baraza la Mji. Wa kwanza waliteuliwa mwaka 1946. Ndiyo kusema kwamba jambo kubwa kama lile lilikatwa katika chumba ambamo hakuna hata mmoja wa wale wenyeji aliyekuwa na kiti. Asiyekuwapo na lake halipo.

Baada ya Shauri Moyo ikaja Kaloleni katika miaka ya 1940, pamoja na bustani zake na ukumbi wake. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa nchi hizi. Ndipo zikafuata Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho, Jerusalem na nyinginezo. Jina la Ofafa, linalotajwa kila siku na watu wasiofikiri maana yake, ni jina la diwani, Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Kwa hiyo mitaa yetu haikutengwa kamwe na habari za baraza. Mwaka 1962 jiji likapata Meya wake wa kwanza Mwafrika, Bwana Charles Rubia, na wazee wetu wakaona ya kuwa sasa ukumbi wa City Hall nao ni wao.

Walakini yafaa pia tukumbuke ya kuwa baraza la kuchaguliwa laweza kuondolewa. Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa, na jiji likatawaliwa na Tume ya kuteuliwa mpaka mwaka 1992. Tena mwezi wa Februari 2020 kazi kadhaa za Kaunti, na mipango ya ujenzi ikiwa miongoni mwao, zilitiwa sahihi kupelekwa kwa Serikali ya Taifa. Zikashikwa na idara maalumu ya jiji mpaka mwaka 2022, zikarudishwa. Katika nyakati kama hizo mpangaji huzunguka mlango hadi mlango. Huyu humwambia kazi si yake, na yule humwambia faili halijafika. Tuliyoyaandika sisi wenyewe hayahami ofisi zinapohama.

Sheria inavyosema

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata makazi ya kufaa, pamoja na kiwango cha haki cha usafi. Kifungu cha 62 chasema ya kuwa ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana ya watu wakaao humo. Twaomba mlishike neno hilo, amana. Mwenye kushika amana si mwenye mali. Hawezi kuiuza wala kuibadilisha bila kueleza wenyewe. Na Kifungu cha 185 chaliweka Bunge la Kaunti liwe jicho juu ya watendaji wa kaunti.

Bunge letu lina wadi 85, na kila wadi ina Mwakilishi wake, ambaye wazee bado humwita diwani. Wengi wetu humwendea diwani kwa mambo ya rambirambi, karo na taa za barabarani. Hayo si mabaya, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Yeye ndiye mwenye haki ya kuuliza, ndani ya Bunge, mkataba wa ujenzi umetiwa sahihi na nani, ardhi imehesabiwa kuwa na thamani gani, Kaunti itapata nyumba ngapi na mwenye mtaji atapata ngapi, na wenyeji watarudi kwa masharti gani. Yeye na wenzake wanaweza kumwita ofisa mbele ya kamati aje na karatasi mkononi. Kadhalika Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kuzikagua hesabu za kaunti na kutoa taarifa katika miezi sita tangu mwaka wa fedha kwisha, nalo Bunge hupewa miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua.

Zaidi ya hayo, raia naye ana mlango wake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi mbele ya Bunge. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yamlazimisha ofisa aliyeombwa habari na raia kujibu katika siku 21. Hakuna kifungu kinachosema ya kuwa mwombaji awe wakili au awe amevaa suti. Karani aweza kuandika, na mzee wa mtaa aweza kutia sahihi.

Mifano ya karibu na ya mbali

Mwaka 2016 Kaunti ilitangaza mpango wa kujenga upya mitaa kadhaa ya zamani, ikiwamo Pangani, Jeevanjee, Ngara na Uhuru. Pangani ndiyo iliyotangulia. Wapangaji wake walikuwa 48 tu. Tunasema "tu" kwa sababu wachache namna hiyo hujuana kwa majina, na hata hivyo palikuwa na vikao vingi na mashtaka mahakamani kabla ya nyumba kubomolewa. Ikiwa nyumba 48 zilikuwa na maneno mengi hivyo, itakuwaje mtaa wenye nyumba mamia, na ndani ya kila nyumba vizazi vitatu?

Jirani zetu wa landi za Reli pale Muthurwa walianza kutolewa mwaka 2010. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua ya kuwa haki zao zimevunjwa, ikaagiza pande zote zikae pamoja kupanga namna ya kuhama. Sasa angalieni vizuri. Mahakama haikusema ya kuwa mtu hahami kamwe. Ilisema ya kuwa kuhama kuwe na utaratibu, na wenyeji wawe mezani utaratibu huo unapopangwa.

Kibera, upande wa Soweto Mashariki, watu walihamishiwa nyumba za muda pale Lang'ata mwezi wa Septemba 2009. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Ni miaka saba hiyo. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza wakati wa kuhama alikuwa akikaribia kumaliza shule ya msingi wakati wa kurudi. Mtu akituambia "muda mfupi," basi tumwombe auandike kwa miezi, na aandike pia nani atalipa kodi iwapo miezi hiyo itapita.

Katika Dar es Salaam, wakaaji wa Magomeni Kota waliondolewa, nyumba zao zikabomolewa, na kiwanja kikakaa kitupu miaka kadhaa. Lakini watu wale hawakuipoteza hesabu yao. Kaya 644. Kila walipokwenda walitaja hiyo 644. Rais Magufuli alipofika kwao mwaka 2016 akaahidi kuwajengea, ahadi ilikuwa ya kaya 644. Na Rais Samia alipozizindua nyumba mwezi wa Machi 2022, kaya zilizotajwa zilikuwa ni zile zile 644. Hesabu iliyoshikwa na watu wote ni vigumu kupunguzwa gizani.

Na msidhani ya kuwa mambo haya ni ya Waafrika peke yao. Huko London palikuwa na mtaa wa halmashauri ulioitwa Heygate, wenye nyumba zaidi ya 1,000. Ulibomolewa, na mahali pake pakapangwa nyumba zaidi ya 2,000 nzuri sana. Lakini zile za kodi ya chini, za watu wa namna ya wale wa kwanza, zikawa karibu 100 tu. Hesabu iliyoeleza kwa nini haziwezi kuwa nyingi zaidi ilikuwa imefichwa kama siri ya biashara, mpaka mwaka 2014 baraza la haki ya habari likaamuru sehemu yake kubwa itolewe. Wakati huo wenyeji walikuwa wamekwisha tawanyika. Basi hata katika nchi yenye mabaraza ya miaka mingi, habari ikija baada ya nyundo haimsaidii aliyekwisha kuhama.

Jambo zito kati yetu sisi kwa sisi

Sasa, Mwenyekiti, twaomba ruhusa tuseme jambo ambalo si la Serikali wala la mwenye mtaji, ni letu. Ndani ya mitaa hii kuna watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule ambaye jina lake limo katika kitabu cha Kaunti, naye yu hai na anakaa nyumbani mwake. Huyu hana tabu nyingi.

Wa pili ni mtoto au mjukuu anayekaa katika nyumba ambayo kitabuni bado ina jina la babu aliyekwisha kuzikwa zamani. Kodi hulipwa, risiti hutoka kwa jina la marehemu, na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha. Siku ya kuhesabiwa ataulizwa: wewe nani? Naye hatakuwa na jibu la maandishi. Ndugu zake waliohamia kwingine watarudi siku hiyo hiyo, kila mmoja na madai yake, na nyumba iliyowalea pamoja itakuwa sababu ya kutosalimiana. Twawasihi wazee walio hai: lisemeni jambo hili sasa mbele ya watoto wenu wote, na liandikwe. Si uchuro. Ni hisani ya mwisho ambayo mzazi aweza kuwafanyia watoto.

Wa tatu ni mkaaji wa chumba cha mabati kilichojengwa uani. Huyu hayumo katika kitabu chochote. Humlipa kodi mpangaji, si Kaunti. Wako wazee wa Chama hiki waliosema katika Halmashauri, tena kwa uwazi unaostahili heshima, ya kuwa wakaaji wa uani wasiandikwe katika daftari letu, kwa sababu wakiandikwa watadai sehemu ya haki ya wapangaji. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwenye nyumba ya chumba kimoja aliyengoja miaka 40 ana haki ya kuogopa kwamba mgeni wa juzi atapita mbele yake.

Hata hivyo twaomba kujibu kwa adabu. Kutomwandika mtu hakumwondoi. Atakuwapo siku trakta linapoingia, yeye na watoto wake na jiko lake la makaa, na atatoka bila ilani wala mahali pa kwenda. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, hata kwa yule anayekaa katika ardhi ya umma bila idhini, yataka apewe ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu. Ikiwa sheria yamwona mtu, haifai jirani yake asimwone. Tena kodi ya vyumba vile ndiyo iliyolipa karo za watoto wengi wa mitaa hii, na wengine wao wamo humu ukumbini wakiwa walimu na wauguzi. Tena mtaa uliogawanyika huwa rahisi kushindwa: ofisa mmoja akizungumza na wapangaji peke yao, na mwingine akizungumza na watu wa uani peke yao, kila upande utauzwa kwa bei ya mwenzake.

Kwa hiyo shauri letu ni daftari moja lenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iwe ya wapangaji, ambao madai yao ni kurudi katika nyumba mpya. Sehemu ya pili iwe ya wakaaji, ambao madai yao ni ilani, muda, na msaada wa kuhama. Madai hayo mawili hayagongani yakiandikwa kila moja mahali pake. Yatagongana yakiachwa hewani.

Mashauri ya kufanya

Kwanza, kila mtaa uchague watu watatu, mmoja akiwa mama na mmoja kijana, wapite nyumba kwa nyumba kuandika: namba ya nyumba, jina lililo kitabuni, jina la anayekaa, idadi ya watu, na risiti ya mwisho. Nakala tatu ziwekwe, moja kwa Chama, moja kwa wazee wa mtaa, na moja mahali pengine pasipofikiwa na moto wala mvua. Wenye simu wapige picha za kurasa.

Pili, barua iandikwe kwa Kaunti chini ya Sheria ya Kupata Habari, kuomba mkataba, ramani, na hesabu ya mgawanyo wa nyumba. Tarehe ya kupokelewa igongwe muhuri juu ya nakala yetu, kisha tuhesabu siku 21.

Tatu, Mwakilishi Wadi aalikwe kikaoni mara moja kila robo ya mwaka, apewe maswali yetu kwa maandishi, na majibu yake yaandikwe katika kumbukumbu. Tumpokee kwa heshima, maana swali zuri tulilomwandikia ndilo litakalompa nguvu mbele ya kamati. Diwani asiye na karatasi huonekana mpiga kelele, hata akiwa na haki.

Nne, tujihadhari na karatasi ya mahudhurio. Mtu huingia mkutanoni, hupewa kalamu, huandika jina na namba ya kitambulisho, akidhani anathibitisha kufika tu. Baadaye karatasi ile yaweza kushikizwa nyuma ya taarifa isemayo ya kuwa wenyeji wamekubali. Basi kila mkutano wa namna hii, kabla ya mtu wa kwanza kutia sahihi, tuombe maneno haya yaandikwe juu ya karatasi: "Tumehudhuria na kusikiliza, hatujakubali wala kukataa." Mwenye nia njema hatakataa kuyaandika.

Tano, katika kila mazungumzo tuulize habari za shule, zahanati, uwanja wa mpira na ukumbi. Mahali palipokaa kaya moja pakikaa kumi, maji yatatoka wapi, na watoto watachezea wapi? Bunge laweza kusimamia haya pia, maana mipango ya jiji ni kazi ya Kaunti.

Mwisho

Mwenyekiti, wako watakaosema ya kuwa kazi hii ni ndogo mno mbele ya mambo makubwa ya fedha na siasa. Daftari la kurasa 200 litazuia nini? Twajibu ya kuwa halitazuia ujenzi, wala hatutaki lizuie. Wajukuu wetu wanastahili maji ndani ya nyumba na choo kisicho na foleni. Tunalotaka ni kwamba siku funguo za nyumba mpya zitakapotolewa, ofisa asome jina na mtu wa jina hilo aitike.

Watu wa Pangani ya zamani hawakuwa na kiti barazani. Sisi tunacho, na tulikipiga kura wenyewe. Twaomba Mkutano huu ukubali mashauri matano yaliyotajwa, na uchague watu watatu wa kila mtaa leo hii, kabla ya kutawanyika. Madaftari yamekwisha nunuliwa kwa fedha za Chama, nayo yamo juu ya meza ya Mweka Hazina.